Aliyesambaza Naye Ni Shahidi

Wanangu wa Banissa mjini, wa Malkamari, Guba, Derkale na Kiliwehiri, nanyi mliotawanyika Islii, Garissa, Dubai na Minneapolis lakini kila asubuhi mnafungulia macho kwenye magrupu ya huku nyumbani, nina maneno nanyi. Nimeyaweka kifuani muda mrefu. Sasa mwaka 2027 unabisha hodi, na nikizidi kunyamaza nitaulizwa.

Sikuja kuilaani simu. Sisi tuliokulia upande huu chini ya sheria za hali ya hatari, zile ambazo hazikufutwa mpaka 1991, tunaujua uchungu wa kulia bila kusikika. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kule Wajir, wakateswa na kuuawa, na serikali ikakana. Habari zilitoka kwa sababu watu wachache walikwenda porini wakazika maiti, wakaandika majina, wakahifadhi picha, huku wakijua wanayaweka maisha yao rehani. Mmoja wao alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, na baadaye alilazimika kuondoka nchini. Kila nikimwona kijana ameshika simu yenye kamera, nawakumbuka wale watu waliokosa hata redio ya kupazia sauti zao. Kwa hiyo ugomvi wangu si na simu. Ugomvi wangu ni kwamba mmegeuka mashahidi wa mambo ambayo hamkuyaona.

Nianze na madogo, maana ndiyo yanayotuudhi kila siku. Kuna anayeamka saa nane za usiku akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa kwenye grupu la watu mia mbili, wazee kwa wagonjwa, halafu akatuma wa pili kueleza alichokosea kwenye wa kwanza. Kuna anayekuta watu wanapeana pole kwa msiba, yeye akabandika hapo picha ya mbuzi anaowauza. Kuna anayewatisha watu kwa jina la Mwenyezi Mungu: tuma dua hii kwa watu kumi, usipotuma utapatwa na balaa. Dua haikuletwa ili itumike kuwatishia waja. Kuna anayemtia mtu kwenye grupu bila kumwomba ruhusa, na mtu huyo akitoka kimya kimya anasemwa kwamba ameukana ukoo. Na kuna anayeuona ujumbe wa mama yake, tiki zikageuka bluu, akaujibu siku ya tatu, ilhali usiku kucha yuko macho akibishana na watu ambao hata sura zao hazijui. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote niliyotangulia kuyataja. Mama huyo amejifunza kuandika ujumbe uzeeni kwa ajili yako.

Halafu kuna michango, na hapa nataka tuelewane vizuri. Hakuna jambo jema tulilolifanya kwa simu kuliko kuchangiana. Mgonjwa wa Banissa akipewa barua ya kwenda kutibiwa Nairobi, mbele yake kuna mamia ya kilomita, na bila M-Pesa ya ndugu walioko mbali wengi wangefia njiani. Mnamkumbuka mwalimu Salah Farah wa Mandera. Desemba 2015, basi waliloabiri liliposhambuliwa karibu na El Wak, yeye na Waislamu wenzake walikataa kutengwa na abiria Wakristo. Akapigwa risasi, akafariki Januari 2016, na Wakenya wasiomjua, wa dini zote, wakachanga mitandaoni kwa ajili ya watoto wake. Huo ndio uso wa simu ninaoutaka.

Lakini tazameni mchango unavyoendeshwa siku hizi. Mgonjwa anapigwa picha akiwa na mipira puani, kifua wazi, jina lake na ugonjwa wake vimeandikwa chini. Hakuna aliyemuuliza. Inshallah atapona, arudi sokoni, akute kila muuza duka ameshauona mwili wake. Kisha kila baada ya magharibi inatoka orodha: fulani wa ng'ambo ametoa hiki, fulani wa Islii ametoa kile, na mwisho kabisa majina ya ambao hawajatoa. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa anasomwa hapo mbele ya wakwe zake. Hesabu ni lazima, sikatai, pesa za watu ni amana. Mweka hazina aitume kwa kamati. Majina ya wasiotoa Mwenyezi Mungu anayajua, na sababu zao anazijua, wala hakuwatuma nyinyi kuyatangaza.

Sasa msiba. Hili nitakaa nalo kidogo.

Desturi yetu mnaijua. Mtu akifia mbali, wazee wanakutana kwanza. Wanachagua wawili au watatu wa kupeleka habari, na mmoja lazima awe mwanamke wa karibu na mama wa marehemu, dada yake au mke wa shemeji yake. Wanaingia, wanasalimu, wanakaa. Wanauliza habari za nyumbani. Wanahakikisha hayuko peke yake na kwamba hakuna chungu motoni. Ndipo anayejua kusema anasema, na kabla mama hajaanguka tayari kuna mkono wa kumshika. Mambo haya hayakubuniwa kwa kupenda maneno mengi. Waliotutangulia waliona watu wakifa kwa habari, wakatafuta namna ya kuifikisha habari bila kuua.

Nimemwona mama mmoja wa mtaa wetu akipokea kifo cha mwanawe kwa namna nyingine. Gari lilikuwa limepinduka huko mbali. Mtu aliyefika mapema alikiokota kitambulisho cha marehemu, akakipiga picha, akaandika, "Anayemfahamu huyu." Pengine nia yake ilikuwa njema. Picha ikafika Banissa kabla ya maiti kufikishwa mochari. Binti wa jirani, mtoto wa miaka kama kumi na miwili, aliiona kwenye stetasi ya kaka yake, akakimbia nayo jikoni kwa yule mama akamwuliza, "Eedo, huyu si Abdi?" Mama alikuwa ameshika birika. Alilitazama lile jina, akaendelea kumimina chai, ikajaa kikombe, ikamwagika mezani, ikamchoma mkononi, na bado alikuwa anamimina. Yule binti mpaka leo haendi nyumba ile. Ameibeba dhambi ambayo si yake.

Wanangu, kitambulisho ukikiokota kina njia yake. Polisi wapo, chifu yupo, na namba za simu za watu wa pale mtu anapotokea hazikosi kupatikana. Piga simu moja, kwa mtu mzima mmoja. Ukishafanya hivyo umemaliza wajibu wako, na stetasi yako haikupungukiwa na kitu.

Na picha za maiti ziacheni kabisa. Aprili 2015, wanafunzi walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, picha ya miili iliyolala kwenye damu ilizunguka nchi nzima. Wazazi kutoka kila pembe ya Kenya walikuwa bado wanawatafuta watoto wao, na wapo walioikuza ile picha kwenye simu wakitafuta nguo wanayoijua. Nilipenda kilichofuata. Watu walianza kutuma picha za wale vijana walipokuwa hai, wakiwa wamevaa sare, wakicheka, na majina yao kamili, wakisema kwamba 147 si nambari tu. Idadi ilikuja kufika 148. Simu zilikuwa zile zile, na waliokufa ni wale wale. Tofauti ilikuwa ni kwamba safari hii mtu alifikiri kwanza juu ya mama wa marehemu.

Kuhusu harusi sitasema mengi, maana mnaelewa. Wanawake wetu wanakaa upande wao ili wacheze, wafungue nywele, wafurahi bila macho ya watu. Msichana anayerekodi upande ule na kutuma nje amevunja ukuta wa nyumba ya mwenzake. Video ikifika kwa mume au kaka wa aliyerekodiwa, atakayeadhibiwa ni yule aliyecheza, wakati aliyerekodi amekaa kwake salama. Ndoa zimekufa kwa sekunde kumi na tano za video. Na wewe kijana wa kiume uliyetumiwa, ukaiangalia, ukampelekea rafiki yako mmoja tu: huyo mmoja ana rafiki zake.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Katika ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo mvua ilipotukosa, tulikuwa tumekaa kivulini adhuhuri moja, wazee wanatafuna miraa, vijana pembeni na simu zao. Ukaingia ujumbe wa sauti. Mwanamume anapiga kelele, anataja ukoo wa jirani, anasema vijana wetu wamechinjwa kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, na ngamia wamechukuliwa, na kwamba mwanamume atakayelala kwake usiku huo ajue amevaa nguo za mkewe. Sauti ile ilikuwa inatetemeka, na mwenye kuisikia naye alianza kutetemeka. Kabla hatujamaliza kuisikiliza mara ya pili, magari mawili yalikuwa yanapakia vijana.

Mzee mmoja, Mungu amrehemu, hakuinuka. Aliuliza swali moja: "Nani ameona?" Kijana aliyetuchezea ile sauti akasema kaipata kwa binamu yake aliyeko Islii. Mzee akasema, mpigie. Binamu akasema kaipata kwenye grupu la wanafunzi waliosoma naye. Mpigie aliyeiweka. Huyo akasema katumiwa na mjomba wake aliyeko nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari. Tukampigia na yeye, kule ilikuwa bado alfajiri. Ndiye aliyekuwa mwenye sauti. Tulipomwuliza nani ameona, alisema alimpigia simu dada yake porini, akamsikia analia na watu wanapiga kelele, kisha mtandao ukakatika. Hayo tu. Waliochinjwa aliwaongeza mwenyewe kutokana na hofu yake.

Ilichukua muda kumpata mtu aliyekuwa kwenye silanga. Vijana wawili walikuwa wamegombania zamu ya kunywesha, mmoja akavunjwa mkono kwa fimbo. Mkono ulikuwa umeshafungwa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa chini ya mti wanazungumza. Magari yalirudishwa njiani na mwalimu mmoja aliyekuwa na namba ya dereva. Kama mtandao ungekatika pale alipokuwa dereva, tungezika watu jioni ile kwa ajili ya mkono uliovunjika.

Wahenga wetu, watu wa kuhama na mifugo, walikuwa na mtu wa sahan, anayetangulia kutafuta malisho na maji. Anaporudi haropoki. Anapewa maziwa, anakaa, wazee wanamwuliza mmoja mmoja. Nyasi umeziona kwa macho yako au umeambiwa? Ni za aina gani? Maji yatatosha siku ngapi kwa kundi letu na la nani mwingine? Kupe wapo? Nani ametangulia kufika, na tuna uhusiano gani naye? Akisema "nimesikia", neno lake linawekwa kando mpaka atumwe mwingine akaone. Aliyedanganya hakutumwa tena, kwa sababu uongo wake ungeweza kuua kundi zima na watoto wanaolitegemea. Nanyi leo kila mmoja ameshika sahan mkononi. Anatuma habari kwa koo nzima, za pande zote mbili za mpaka, wala hakuna anayemkalisha chini kumwuliza.

Wengi wenu mmehitimu madrasa, kwa hiyo Suratul Hujurat mnaijua kwa moyo. Ina aya kumi na nane tu, na aya ya sita, ya kumi na moja na ya kumi na mbili zinatosha kuendesha grupu lolote la WhatsApp: habari ichunguzwe kabla ya kuitendea kazi, watu wasidharauliane wala kuitana majina mabaya, na kusiwe na dhana mbaya, kupelelezana wala kusengenyana. Wafasiri wanasimulia sababu ya ile ya sita. Walid bin Uqba alitumwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, akakusanye zaka kwa Banu Mustaliq. Wao walisikia anakuja, wakatoka kumlaki. Alipoona umati ule kwa mbali aliogopa, akageuza mnyama wake, akarudi Madina na kusema wamekataa kutoa zaka na walitaka kumuua. Ilibaki kidogo jeshi litoke. Wenyewe wakaja, wakaeleza kwamba walitoka kumpokea mgeni wao.

Fikirini juu ya mtu yule. Hofu ilimwonyesha vita mahali palipokuwa na makaribisho. Mjomba wetu wa ng'ambo alipatwa na jambo lile lile, isipokuwa Walid alimwendea Mtume mmoja aliyejua kuchunguza, na mjomba aliwaendea watu mia tano wenye bando na hasira.

Na msidhani ni hofu za wazee. Kutoka Malkamari ukivuka mto Daua uko Ethiopia, na Ethiopia tumeona. Profesa Meareg Amare alikuwa akifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, ni mtu wa Tigray. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiendelea, watu walibandika Facebook jina lake na picha yake, wakamzulia mambo, wakataja anakofanya kazi na mtaa anaoishi. Familia iliripoti machapisho yale yaondolewe. Tarehe 3 Novemba akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Mwanawe Abrham aliishtaki Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi mnamo Desemba 2022, na Aprili 2025 mahakama ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Kampuni na ijibu, ni haki ijibu. Lakini mimi nawafikiria pia wale waliobonyeza kitufe cha kusambaza. Wapo mahali, wanakula na kulala. Hakuna kati yao aliyeshika bunduki. Kila mmoja alisogeza lile jina hatua moja mpaka likafika mlangoni.

Huku kwetu aliyesogeza jina hupatikana, na nataka mwelewe hesabu yake. Azimio la Modogashe la 2001, lililokubaliwa na wazee wa kaskazini mashariki, liliweka diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamume kuwa ngamia 100 na ya mwanamke 50. Ngamia hao hawatoki kwa aliyetuma sauti. Yeye yuko Ulaya au Marekani, hana hata ndama. Wanatoka zizini mwa adeer wake, yaani ami yake, hapa Banissa, kwa binamu zake, kwa mjane ambaye ana ngamia watatu anaowakamua kulipia karo. Maneno yanatumwa bure kutoka nyumba yenye kipasha joto, na malipo yanakusanywa kwenye vumbi. Ndugu zetu wa ng'ambo, nawaheshimu, mnatulisha wakati wa kiangazi. Kwa heshima hiyo hiyo nawaomba: kabla ya kusema jambo la ukoo na ukoo, mwulizeni mtu aliyeko hapa, na mkiambiwa nyamazeni, nyamazeni.

Sheria ya serikali nayo ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, katika kifungu cha 13, inaadhibu uchochezi wa chuki za kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Simu ndiyo inayochukuliwa kuwa ushahidi, na kuufuta ujumbe kwako hakuufuti kwenye simu za wengine mia mbili.

Nimesikia pia haya mashindano ya TikTok, mtu na mtu wanaingia laivu, kila mmoja anasimamia ukoo wake, na watazamaji wanatuma zawadi za pesa ili ukoo wao ushinde. Nimeonyeshwa. Vijana wazuri, Kisomali chao fasaha, Kigarre chao kitamu, wanavitumia kutukanana mama. Marehemu wa vita vya zamani wanatajwa kwa majina ili wajukuu wao wachokozeke watoe zawadi. Zawadi ile inagawanywa kati ya kampuni na mwenye laivu, na matusi yanabaki kwetu. Somalia ilifika mahali pa kutangaza kupiga marufuku TikTok na Telegram, Agosti 2023. Mimi sidhani marufuku inafundisha adabu. Nadhani dawa ni kutotuma hata shilingi, na kutoka. Laivu isiyo na watu inajizima.

Mnaweza kusema, mzee, sasa tufanyeje, ujumbe ukija tutajuaje? Anzeni na mishale. Ujumbe uliopita mikono mingi, WhatsApp inaubandika mishale miwili juu yake na kuandika kwamba umesambazwa mara nyingi. Waliweka alama hizo, wakapunguza na idadi ya watu unaoweza kuwatumia kwa mara moja, baada ya mauaji ya 2018 huko India, ambako watu wasio na hatia walipigwa na makundi ya watu mpaka wakafa kwa uvumi wa wezi wa watoto. Ukiona mishale miwili, jua aliyekutumia hajui. Hajui! Halafu uliza lile swali la mzee wetu. Video ukiletewa, sikiliza lugha inayozungumzwa nyuma, angalia miti na udongo; mara ngapi tumeletewa mapigano ya nchi nyingine tukaambiwa ni Mandera? Na sauti inayokutaka uinuke sasa hivi, usiku huu, kabla hujauliza, hiyo ndiyo ya kuichelewesha kuliko zote.

Nasema haya sasa kwa sababu naijua siasa yetu. Mbunge wetu Kulow Maalim Hassan, Mungu amrehemu, alifariki Machi 2023 kutokana na ajali ya barabarani Nairobi. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, kiti kikakaa wazi mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 2025. Zaidi ya miaka miwili Banissa haikuwa na sauti bungeni, na nafasi ile ya ukimya ilijazwa na magrupu. Kila siku mgombea mpya, kila siku siri mpya ya kikao cha wazee iliyorekodiwa kwa simu iliyofichwa kwenye mfuko wa shati. Kikao cha wazee kikirekodiwa kwa siri, kinachofuata ni kwamba hakuna mzee atakayesema ukweli kikaoni. Ataongea na simu. Na wazee wakiacha kuambiana ukweli ana kwa ana, hakuna mti utakaotosha kivuli cha kutupatanisha.

Wajir walipokuwa wanauana mwanzoni mwa miaka ya tisini, walioanza kuzima moto ni wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, wakiwaambia wenzao wa koo nyingine njooni sokoni tuuziane maziwa, na mwenye uvumi aulete hapa tuuchunguze pamoja. Kutokana na kazi ile lilizaliwa Azimio la Al-Fatah la 1993. Hawakuwa na simu za mkononi. Walikuwa na namna ya kuuliza, na walikuwa tayari kumwendea jirani wa upande wa pili kumwuliza yeye mwenyewe. Kila mmoja wenu anaweza kuwa na namba za watu wawili au watatu wa ukoo mwingine, watu anaosoma nao, anaocheza nao mpira. Zihifadhini. Siku ya uvumi, wapigieni hao kwanza kabla ya kuwapigia ndugu zenu.

Sasa nazungumza na nyinyi maadmini, maana mmepewa ufunguo. Kutoka leo mpaka uchaguzi wa 2027 upite, grupu lenye wazee na akina mama lifungwe usiku, kuanzia saa nne mpaka baada ya alfajiri, asiweze kuandika mtu isipokuwa wa dharura kupitia kwenu. Habari ya kifo isiwekwe mpaka familia iseme. Habari ya mapigano isiwekwe kabisa mpaka apatikane aliyeona, na jina lake liandikwe. Ajulishwe kila mtu kwamba picha ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Anayekosea mara ya kwanza, msimwaibishe mbele ya watu, mwandikieni faraghani. Akirudia, mtoeni, kisha usiku huo huo mpigieni baba yake au adeer wake, mumweleze kwa upole alichofanya, na mumwombe akae naye.